Vuli yabisha hodi: Pamba nyumba kwa vitu vya kale, lakini uliza vilikotoka

VULI inapobisha hodi mjini Voi, harufu ya udongo mwekundu uliolowa hutangulia mvua yenyewe. Baada ya miezi mirefu ya jua na vumbi, watu huanza kupangusa kuta, kupaka rangi na kutafuta mapazia mengine. Krismasi haiko mbali, na jamaa wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi watarejea nyumbani.

Miezi hiyo hiyo, huko Ulaya na Marekani, majani hupukutika na baridi huanza kuingia. Majarida ya mapambo huwahimiza wasomaji wao watembelee maduka ya vitu vikuukuu ili wapate taa, viti na vyombo vya kuipa nyumba joto na haiba. Picha za nyumba hizo sasa hutufikia kupitia simu, na wengi wetu tumeanza kuziiga.

Si jambo baya. Hata hivyo, majira yetu si yao. Wao hupamba wakijifungia dhidi ya baridi. Sisi hupamba tukifungua madirisha ili upepo wa mvua uingie. Wao huaga majani. Sisi huona nyika ya Tsavo ikichipuka upya. Kwa hivyo, mapazia mazito na mablanketi ya manyoya yanayopendeza London hayana kazi mjini Voi, ijapokuwa huenda yakamfaa anayeishi katika ukungu wa Wundanyi.

Mitumba si nguo pekee

Neno mitumba ni wingi wa mtumba, yaani robota la bidhaa. Wengi wakilisikia hufikiria mashati na suruali. Lakini ndani ya marobota hayo hutoka pia mapazia, mashuka, vitambaa vya meza na mazulia. Bidhaa hizo hushushwa katika bandari ya Mombasa, hupitia masoko makubwa kama Kongowea, kisha hupanda barabara kuu hadi Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.

Biashara hiyo imeshikilia familia nyingi. Machi 2020, kutokana na maradhi ya Covid-19, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Agosti mwaka huo. Katika kipindi hicho wengi walitambua jinsi nyumba za wananchi wa kawaida zinavyotegemea pazia lililokwisha kutumika kwingine.

Kando ya mitumba, kuna vitu vya kale vilivyomo humu humu nchini: sanduku la bati alilosafiria babu, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, pasi ya makaa, kandili, karabai, redio kubwa ya mbao na vikombe vya madini vilivyopakwa rangi. Kutoka Pwani huja makasha yenye njumu za shaba nyeupe na nyekundu, masinia na midila ya kahawa. Na Taita yenyewe ina vigoda, vibuyu, vyungu na vikapu vya mkonge, zao ambalo limelimwa katika mashamba makubwa ya Voi, Mwatate na Taveta kwa miongo mingi.

Vitu hivi havihitaji fedha nyingi ili vipendeze. Sanduku la bati likisuguliwa na kupakwa rangi huwa meza ya sebuleni na ghala la mablanketi kwa wakati mmoja. Meza ya cherehani iliyokufa, ikiwekewa ubao juu, humfaa mwanafunzi. Shuka nene la mtumba lenye rangi ya kutu au ya majani mabichi hushonwa likawa foronya za mito ya viti, na rangi hizo zinaoana na udongo na nyika ya nje.

Kagua kabla ya kulipa

Waswahili husema rahisi ni ghali. Kitu kilichotumika huja na historia yake, na mara nyingine huja na wakazi wake.

Mvua za kwanza za vuli huwatoa kumbikumbi, na kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa wanaotafuta pa kuanzisha kichuguu kipya. Hivyo, huu si msimu wa kuegemeza kabati kuukuu ukutani bila kulichunguza. Ligeuze, utazame miguu na mgongo wake. Matundu madogo yanayodondosha unga mpya ni ishara kwamba wadudu bado wamo ndani. Mbao ngumu kama mvule, mninga na msaji hustahimili zaidi, lakini upande wa nyuma mara nyingi hutengenezwa kwa plaiwudi, nao ndio huliwa kwanza.

Kunguni nao hujificha katika mishono ya viti vya kitambaa na nyufa za vitanda. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuingizwa chumbani. Kuanika juani kwa saa chache pekee hakutoshi, kwa kuwa wadudu hao hukimbilia sehemu yenye kivuli. Ikiwa huwezi kukifua wala kukifungua kiti, ni heri kukiacha.

Kuna pia suala la unyevu. Voi ni nyanda za chini zenye ukame, ilhali Wundanyi iko juu milimani, mahali pa ukungu. Mbao zilizokauka Voi zikipandishwa Wundanyi hunyonya unyevu na kuvimba, hata droo zikakwama. Mwenye busara huiacha samani itulie kwa majuma kadhaa ndipo aipige randa au kuipaka vanishi.

Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Usizisugue kwa msasa mkavu ndani ya nyumba. Lowesha kwanza, fanyia kazi nje, na uwaweke watoto mbali.

Taa za umeme nazo zina mtego wake. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, ilhali ule wa Marekani ni wa volti 120. Taa iliyotoka huko inaweza kuungua au kuwasha moto. Mwambie fundi abadilishe nyaya, kishikio cha balbu na plagi kabla ya kuiwasha.

Sheria yasemaje?

Hapa ndipo wengi huteleza. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Pembe iliyookotwa njiani, gamba la kobe au ngozi iliyoachwa na babu huonekana kama pambo lisilo na mwenyewe. La hasha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kumiliki nyara ya wanyamapori bila kibali ni kosa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Udhuru kwamba bangili ya pembe ya ndovu ni ya urithi haumpi mtu kibali.

Vyuma vya reli navyo vina wenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Voi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walijenga tawi la kuelekea Maktau ili kuwakabili Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta. Mataruma na vipande vya reli hupendwa kwa kutengenezea meza na rafu. Lakini vikiwa vimeng'olewa njiani ni mali ya umma iliyoibwa, na biashara ya vyuma vikuukuu huhitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015.

Vita hivyo viliacha risasi, vifungo na mikebe katika maeneo ya Maktau, Mbuyuni na kilima cha Salaita, kulikopiganwa Februari 1916. Kombora lisilolipuka linaweza kuua hata baada ya miaka mia moja. Ukiliona usiliguse, waarifu polisi. Na hata kifungo kisicho na hatari, kikiondolewa pale kilipolala, hupoteza sehemu kubwa ya habari ambayo kingempa mtafiti.

Aidha, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kila kifaa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati. Kukipeleka ng'ambo kunahitaji kibali, na anayekivumbua ardhini anapaswa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa.

Pambo la mmoja, kaburi la mwingine

Sababu ya ukali huo inaeleweka tukiwatazama majirani zetu Wamijikenda. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Katika miaka ya 1980 viliibwa kwa wingi na kuuzwa Marekani, ambako vilisimamishwa katika makavazi na sebule za matajiri kama sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kwa wenyewe mwaka 2007, baada ya watafiti kuvitambua katika makavazi mawili tofauti huko. Vingi havijarudi.

Wataita nao walikuwa na desturi ya kuhifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango, na misitu mitakatifu inayoitwa fighi. Kitu chochote kilichotoka mahali kama hapo si pambo, hata muuzaji akikitolea kisa kitamu namna gani.

Lakini hasara kubwa zaidi huenda isiwe ya wizi. Ni ile ya mauzo halali. Vuli ni msimu wa mbegu, na karo ya Januari inanukia. Mchuuzi akibisha hodi akitaka kigoda cha nyanya au kasha la babu kwa bei ya kilo mbili za sukari, wengi hukubali. Kisha kitu hicho hicho huuzwa mjini kwa bei ambayo muuzaji wa kwanza hangeiota, na aliyekinunua hajui kilichongwa na nani.

Ndiyo maana kabla ya kwenda sokoni, ni vyema kupanda kwanza darini na kuingia ghalani kwako. Huenda pambo unalolitafuta limo humo, limefunikwa na masizi. Ukiamua kukiuza kitu, uza ukijua thamani yake. Ukikinunua, uliza jina la aliyekitengeneza, kijiji na mwaka, uandike katika karatasi na kuibandika upande wa chini. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.

Jamaa watakaporejea Desemba, mjukuu atakikalia kigoda hicho na kuuliza ni cha nani. Itafaa awepo mtu wa kumjibu.