Kibali au Kadi? Istilahi za Ukaazi wa Mwenzi wa Raia wa Umoja wa Ulaya

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri wetu, yapo yanayohusu ukaazi wa watu wa Afrika Mashariki waliofunga ndoa na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Huwa ni vyeti vya ndoa, hati za talaka, barua za ofisi za uhamiaji na maelezo ya taratibu. Aghalabu mfasiri huandika "kuhuisha kibali cha ukaazi", kisha akaendelea na kazi yake bila ya wasiwasi. "Kibali cha ukaazi" ni istilahi sahihi, na huku kwetu imekwisha kuzoeleka katika shughuli za uhamiaji. Hata hivyo, katika jambo hili mara nyingi si mahali pake, na msomaji aweza kupotoshwa kuhusu haki yake mwenyewe.

Hapana budi kuanza na sheria. Jambo hili linatawaliwa na Agizo 2004/38/EC la tarehe 29 Aprili 2004. (Twasema "Agizo" wala si "mwongozo", kwa kuwa mwongozo waweza kufuatwa au kuachwa, hali Agizo linazibana nchi zote wanachama, ambazo sasa ni 27.) Agizo hilo linamhusu raia wa nchi mwanachama anayehamia au kukaa katika nchi nyingine mwanachama, pamoja na jamaa anaofuatana nao. Mtanzania aliyeolewa na Mfaransa, nao wakawa wanaishi Ujerumani, yumo ndani ya Agizo. Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani ambaye hajapata kuishi nje ya Ujerumani kwa kawaida hayumo. Yeye hutawaliwa na sheria ya Ujerumani yenyewe kuhusu wageni. Wanawake hawa wawili waweza kuwa majirani, tena wenye hati zinazokaribia kufanana kwa sura, lakini msingi wa ukaazi wao ni mbalimbali.

Wajerumani wamelitenganisha jambo hili kwa maneno. Hati ya yule wa kwanza huitwa Aufenthaltskarte, yaani kadi ya ukaazi. Ya yule wa pili huitwa Aufenthaltserlaubnis, na sehemu ya mwisho ya neno hilo maana yake ni ruhusa. Nasi yafaa tufuate mgawanyo huo huo: "kibali cha ukaazi" kwa ruhusa inayotolewa na dola, na "kadi ya ukaazi" kwa hati inayothibitisha haki ambayo mtu tayari anayo.

Tofauti hii si ya mapambo. Katika shauri la Royer la mwaka 1976, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilieleza kwamba haki ya ukaazi hutoka katika Mkataba wenyewe, na kwamba hati inayotolewa na ofisi haiumbi haki hiyo bali huithibitisha tu. Shauri hilo lilimhusu raia wa nchi mwanachama, lakini fikira yake imeenea hadi kwa jamaa zake. Ibara ya 25 ya Agizo inakataza kadi kufanywa sharti la kuitumia haki, maadamu haki hiyo yaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine. Sharti lililopo ni kwamba raia mwenyewe, kwa ukaazi unaozidi miezi mitatu, awe mfanyakazi au mwenye kujiajiri, au mwanafunzi, au awe na mapato ya kutosha pamoja na bima kamili ya ugonjwa.

Sasa tulitazame neno "kuhuisha". Kuhuisha ni kutia uhai, na kinachotiwa uhai ni kile kilichokufa au kinachokaribia kufa. Kwa kibali neno hili lafaa kabisa: muda ukiisha, ruhusa nayo huisha. Kwa kadi halifai, kwa sababu kinachokoma ni karatasi au plastiki. Kwa hiyo twapendekeza "kuhuisha kibali", lakini "kufanya upya kadi".

Hata huko kufanya upya kuna sura mbili ambazo mfasiri asizichanganye. Kadi ya kwanza hutolewa kwa miaka mitano, au kwa muda mfupi zaidi endapo raia anakusudia kukaa kwa muda mfupi zaidi. Mwenzi aliyekaa kihalali pamoja na raia huyo kwa miaka mitano isiyokatika hupata haki ya ukaazi wa kudumu. Huyo haombi kadi ile ile tena, bali huomba nyingine, yaani "kadi ya ukaazi wa kudumu", na hiyo ndiyo inayofanywa upya kila baada ya miaka kumi bila ya kuanza upya uchunguzi wa masharti ya awali. Maombi yatolewe kabla kadi ya kwanza haijaisha muda. Atakayechelewa aweza kutozwa adhabu, nayo sharti iwe ya kadiri, lakini kuchelewa kwenyewe hakuifuti haki. Barua iliyofasiriwa "kibali chako kimekwisha" humtia mtu hofu ya kufukuzwa. Iliyofasiriwa "kadi yako imekwisha muda" humpeleka ofisini.

Tumeandika "isiyokatika". Wapo watakaopenda "endelevu", lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa mazingira na maendeleo, na ni afadhali tuwaachie. Tena, neno "mfululizo" litumiwe kwa hadhari. Agizo linaruhusu kutokuwapo kwa muda usiozidi jumla ya miezi sita kwa mwaka. Mbali na hayo, linaruhusu safari moja ya miezi isiyozidi kumi na miwili mfululizo kwa sababu nzito, kama vile uzazi, ugonjwa mkubwa au masomo. Mfasiri akiliweka "mfululizo" kwenye ile miezi sita, msomaji ataamini kwamba aweza kusafiri miezi mitano, akarudi wiki moja, akaondoka tena miezi mitano, na hesabu yake ya miaka mitano itakatika pasipo yeye kujua.

Kuhusu mtu mwenyewe, istilahi ni "mwenzi wa ndoa". Haifai kuandika "mume au mke wa raia" kana kwamba sheria ndivyo isemavyo, kwa sababu mwaka 2018, katika shauri la Coman, Mahakama iliamua kwamba neno lililotumiwa katika Agizo halibagui jinsia. Vilevile neno "mtegemezi", linalopendwa sana na fomu zetu, liepukwe. Katika Agizo, wazazi wa raia au wa mwenzi wake ndio wanaotakiwa kuthibitisha kwamba wanamtegemea. Mwenzi hatakiwi, aweza hata kuwa ndiye anayeilisha nyumba.

Neno linalotutia wasiwasi kuliko yote ni "kuachana". Katika mazungumzo yetu, "wameachana" yaweza kuwa na maana ya talaka iliyopita, na yaweza kuwa na maana kwamba kila mmoja anakaa kwake. Shauri la Diatta latuonyesha uzito wa jambo hili. Aissatou Diatta, raia wa Senegali, alikuwa mke wa Mfaransa huko Berlin, akatengana naye na kuhamia makao mengine. Alipoomba kuongezewa muda wa hati yake mwaka 1980, alikataliwa kwa hoja kwamba hakai tena na mumewe. Tarehe 13 Februari 1985 Mahakama iliamua kwamba ndoa haihesabiwi kuwa imevunjika mpaka ivunjwe na mamlaka yenye uwezo huo, na kwamba wanandoa hawalazimiki kukaa chini ya paa moja. Laiti mfasiri angeyaandika maelezo ya mtu kama huyu kwa neno la talaka, angekuwa amemvunjia ndoa kwa kalamu. Basi "kutengana" kuwe kutengana, na "talaka" iwe talaka.

Na hata talaka ikiwapo, tarehe zake zisivurugwe. Mwenzi huhifadhi haki yake iwapo ndoa ilidumu angalau miaka mitatu kabla ya kufunguliwa shauri la talaka, na mwaka mmoja kati ya hiyo ulikuwa katika nchi anayokaa. Zipo pia hali nyingine zinazomlinda, kama vile kufanyiwa ukatili nyumbani wakati ndoa ilipokuwapo. Hati zetu mara nyingi hubeba tarehe zaidi ya moja: siku talaka ilipotamkwa, siku shauri lilipofunguliwa, siku amri ilipotolewa, siku ya kusajiliwa. Mfasiri azinakili zote, kila moja kwa jina lake, wala asichague moja tu kwa kuona kwamba nyingine ni ziada.

Limebaki jambo la ndoa inayofungwa kwa ajili ya kupata ukaazi tu, ambayo Agizo linaruhusu inyimwe haki. Baadhi ya wafasiri huiita "ndoa ya mkataba". Hatuikubali istilahi hiyo: kwa Waislamu nikahi yenyewe ni mkataba, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za Kiislamu sawasawa na nyingine. Afisa wa Ulaya akisoma kwamba fulani na fulani walifunga "ndoa ya mkataba", ataanza uchunguzi. Twapendekeza "ndoa ya hila".