Mechi Ngapi Zinamtosha Mtoto? Kima cha Chini Kabla ya Kima cha Juu (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi vyama vya michezo ya shule katika majimbo mengi ya Marekani vinavyoweka kikomo cha mechi ambazo timu ya vikapu ya watoto wa gredi ya saba na ya nane inaruhusiwa kucheza kwa msimu. Sababu zao tulizipima tukaziona zina uzito: goti la mtoto anayerefuka halijakomaa, usingizi unapungua, na mzazi mwenye pupa humsajili mwanawe katika timu tatu kwa mpigo. Mwaka 2016, NBA na USA Basketball zilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba mtoto wa miaka 12 hadi 14 asizidishe mechi mbili kwa wiki, wala asijifunge na mchezo mmoja pekee kabla ya kutimiza miaka 14. Ushauri mzuri, kwa wanaouhitaji. Kanuni hiyo ikiletwa Garissa, Wajir na Mandera vivi hivi ilivyo, itakuwa sawa na kumwandikia dawa ya kupunguza uzani mtu ambaye hajala tangu juzi. Mwanafunzi wa Sekondari Msingi huku kwetu haumwi na wingi wa mechi. Anaumwa na uchache wake, na kanuni anayoihitaji kwanza ni ile itakayosema timu yake isicheze chini ya idadi fulani kwa mwaka.

Uchache huo hautokani na uvivu wa mtu. Umo ndani ya mfumo wenyewe wa mashindano. Michezo ya shule nchini hupanda ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo, kisha taifa. Katika ngazi za chini siku ni chache na fedha ni haba, kwa hiyo njia inayokimbiliwa mara nyingi ni mtoano, kwamba anayefungwa anarudi nyumbani. Tuchukue shule 16 zinazokutana kwa mtoano. Zitachezwa mechi 15 kwa jumla. Shule nane zitaaga baada ya mechi moja, nne baada ya mechi mbili, mbili baada ya tatu, na ni timu mbili tu za fainali zitakazocheza nne. Yaani shule 12 kati ya 16 zimemaliza mwaka wao wa ushindani zikiwa na mechi moja au mbili mkononi, na mtoto aliyekuwa akingoja kwenye benchi huenda hakugusa mpira kabisa. Bingwa naye hupanda hadi kaunti, kisha eneo, ambako michuano hubanwa katika siku chache, na hapo mtoto yuleyule anaweza kutakiwa uwanjani asubuhi na alasiri. Mfumo mmoja unawanyima wengi na kuwavimbisha wachache. Ndiyo maana mtu akihesabu mechi za bingwa peke yake ataona haja ya kikomo cha juu, na akihesabu za wale 12 ataona jambo jingine kabisa.

Kuna na suala la ardhi. Kaunti ya Garissa ina zaidi ya kilomita mraba 44,000, na ukiijumlisha na Wajir na Mandera unapata zaidi ya moja ya tano ya nchi nzima ya Kenya. Vihiga haifiki hata kilomita mraba 600, na mwalimu wa huko anaweza kuipeleka timu yake shule jirani kwa miguu na kurudi kabla ya magharibi. Mwalimu wa Hulugho au Balambala hana jirani wa namna hiyo. Tena kuna kalenda. Shule za upili hucheza vikapu muhula wa kwanza, na Sekondari Msingi, ambazo gredi yake ya kwanza ya saba iliingia darasani Januari 2023, zimejengwa juu ya mazoea hayo ya kuupima mwaka wa michezo kwa mihula. Ramadhani iliangukia wiki ya pili ya Machi mwaka 2024, mwanzo wa Machi mwaka 2025, na wiki ya tatu ya Februari mwaka 2026. Inarudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo bado itaendelea kukaa ndani ya muhula wa kwanza kwa miaka kadhaa. Ongeza joto la Februari na Machi linalopita nyuzi 35 mjini Garissa. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayekubali mtoto anayefunga akimbizwe kwenye saruji saa tisa alasiri, na hatupaswi kumwomba akubali. Lakini ratiba inayotungwa bila kuitazama kalenda ya Kiislamu inaukata msimu wa mtoto wa Kaskazini Mashariki kwa karibu wiki nne, na wenzake wa kaunti nyingine hawaguswi. Dawa yake ni kuhesabu kima hicho kwa mwaka badala ya muhula, ili mechi zilizoahirishwa kwa ajili ya mfungo zichezwe muhula wa pili bila ya mtu kuomba ruhusa maalumu.

Pingamizi la kwanza tutakalosikia ni la masomo. Kwamba eneo hili tayari linalalamikia matokeo ya mitihani, walimu hawatoshi, na sasa tunataka watoto wapige mpira zaidi. Nalichukulia kwa uzito, maana upungufu wa walimu si hadithi: baada ya mauaji ya walimu watatu huko Kamuthe mnamo Januari 2020, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti hizi tatu, na pengo lile liliwaumiza wanafunzi. Hata hivyo, kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeshagawa siku ya mwanafunzi wa kutwa. Vipindi vya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha hadi saa kumi na dakika 45 ni wakati wa shughuli za nje ya darasa. Saa hiyo na robo ipo kisheria kila siku ya wiki. Mechi ya vikapu ya vijana inaingia humo na wakati ukabaki wa kunywa maji. Isitoshe, Sanaa Bunifu na Michezo ni somo kamili katika Sekondari Msingi, na mojawapo ya njia tatu za Sekondari Pevu, ambayo kundi la kwanza liliingia Januari 2026, ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali inamwambia mtoto wa Masalani kwamba anaweza kuichagua njia hiyo sawa na mwenzake wa Nairobi. Ataichaguaje kwa kipaji ambacho kimeonekana mara moja tu, katika mechi aliyofungwa?

Pingamizi la fedha na usalama ni gumu zaidi. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi ni shilingi 15,042 kwa mwaka, na wakuu wa shule wanajua jinsi unavyochelewa. Barabara ya kwenda Mandera imewahi kutegwa mabomu, na hakuna kombe linalostahili basi la watoto kupita humo pasipo lazima. Hapo ndipo wanaopinga wanapokosea kwa kudhani kwamba mechi maana yake ni safari. Mtoano ndio unaotaka safari, kwa kuwa kila hatua lazima mpinzani awe mpya. Ligi ndogo ya majirani haitaki. Shule tano za mjini Garissa, zikikutana nyumbani na ugenini, zinaipa kila timu mechi nane, zote za kuendea kwa miguu. Katika kambi za Dadaab, shule za Ifo, Dagahaley na Hagadera zimesongamana kiasi kwamba ligi kama hiyo ni rahisi kuliko ilivyo katika mitaa mingi ya miji yetu. Na pale shule ilipo peke yake nyikani, kuna vikapu vya watatu kwa watatu, ambavyo FIBA inavitambua na vimeshachezwa Olimpiki tangu michezo ya Tokyo: nusu uwanja, kikapu kimoja, dakika kumi au pointi 21, wachezaji wanne kwa timu akiwemo wa akiba. Gredi ya saba, ya nane na ya tisa za shule moja zinaweza kucheza ligi nzima bila kuvuka lango. Mechi hizo zihesabiwe kuwa mechi halali.

Kuhusu wasichana, hoja inayotolewa ni ya staha, na wanaoitoa hawana nia mbaya. Ila wanapaswa kujua kwamba tangu Oktoba 2017 FIBA inaruhusu mchezaji avae kitambaa cha kichwani, na mwamuzi wa Garissa anayemzuia msichana mwenye hijabu anatumia sheria iliyokufa. Ligi ya majirani inawafaa wasichana kuliko wavulana: hakuna kulala ugenini, na mechi zaweza kuchezwa ndani ya ua wa shule ya wasichana. Wala vikapu si mgeni kwa Wasomali hata vihitaji kuombewa kibali. Mwaka 1981 Mogadishu iliandaa ubingwa wa vikapu wa Afrika na Somalia ikaibuka ya tatu, nyuma ya Côte d'Ivoire na Misri. Wapo wazee wa hapa wanaoukumbuka mchezo huu kuliko wajukuu wao wanavyoujua.

Kwa hiyo napendekeza mechi nane kwa mwaka ziwe kima cha chini kwa kila timu ya Sekondari Msingi, wavulana na wasichana, na kila mtoto aliyesajiliwa aingie uwanjani angalau robo moja katika nusu ya mechi hizo. Kima cha juu kiwe mechi mbili kwa wiki na moja kwa siku. Hiki cha pili kitawagusa wachache, yaani mabingwa wanaopanda ngazi, na kitawalazimu waandalizi wa michuano ya eneo kuongeza siku au kupunguza timu. Watanung'unika, na gharama ya siku za ziada kweli itawaangukia wao.

Pingamizi moja sina jibu lake kamili. Kima cha chini kinaweza kutimizwa kwenye karatasi tu: mwalimu mmoja mwenye vipindi vya watu watatu ataandika mechi nane ambazo hazikuchezwa, apeleke orodha katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, mambo yaishe. Kutia saini kwa nahodha wa timu zote mbili kunasaidia kidogo, kwa sababu mtoto aliyenyimwa mechi hunyamaza kwa shida. Lakini kuna kitu kisichoghushika kirahisi, nacho ni uwanja. Shule isiyo na hata mlingoti mmoja wenye kikapu haiwezi kudai imecheza nane nyumbani. Juma lijalo tutaangalia viwanja hivyo vinagharimu nini, na nani anapaswa kuvijenga kati ya serikali ya kitaifa, kaunti na hazina ya maeneo bunge.