Abaki au Aondoke?

Mabishano ya kocha yalianzia kwenye banda la video Endabash, yakaishia mezani kwa shoga yangu. Kumbe swali la mpira na swali la ndoa ni ndugu wa damu!

Kuna swali moja ambalo Mtanzania hata ukimwamsha usingizini saa tisa usiku atakujibu bila kupiga miayo: kocha abaki au aondoke? Hatuhitaji vyeti vya ukocha. Tunahitaji benchi, televisheni na mtu wa kubishana naye.

Nililikuta swali hilo Endabash, wilayani Karatu, Jumamosi moja jioni. Ukitoka Karatu mjini unaiacha lami inayowapeleka watalii Ngorongoro, unabanana ndani ya gari iliyojaza mpaka mlango unashikiliwa kwa mkono, halafu unakula vumbi katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi. Nilikuwa naenda kumsalimia shoga yangu tuliyesoma naye chuo. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mumewe ni bwana shamba. Wana miaka tisa ya ndoa, watoto wawili, na nyumba ya matofali ya kuchoma waliyoijenga kidogokidogo. Mimi huwa nawatolea mfano wao nikisikia watu wanasema ndoa za siku hizi hazidumu.

Wameniruhusu niandike haya yote kwa sharti moja tu: majina nisitaje.

Jioni hiyo shemeji alitualika bandani kuangalia mpira wa England. Mabati juu, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni kuzuia mwanga na wanaotaka kuchungulia bure. Wanawake tulikuwa watatu. Timu ya wengi mle ndani ilikuwa inafungwa, na kijana mmoja wa bodaboda akawasha moto: "Huyu kocha aondoke leo leo, asisubiri hata kipindi cha pili!"

Mzee mmoja wa pembeni akamjibu taratibu kwamba Alex Ferguson aliingia Manchester United Novemba 1986 na kombe lake la kwanza, la FA, akalipata 1990. Wangekuwa na haraka kama ya kijana, Ferguson yule wa makombe yote asingekuwepo. Kijana hakukubali: mbona David Moyes alipewa mkataba wa miaka sita mwaka 2013, na Aprili 2014 tayari alikuwa nje? Banda likagawanyika katikati.

Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu naye ni Maximo mtupu."

Ebwana! Mpira uliokuwa unachezwa kwenye luninga ukasahaulika kabisa.

Mbrazili aliyetugawa

Kwa wadogo zetu ambao wakati ule walikuwa bado wananyonya, tukumbushane. Marcio Maximo alikuja kuinoa Taifa Stars mwaka 2006. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa ndio kwanza ameingia madarakani, aliahidi kwamba serikali ingebeba mzigo wa kumlipa kocha wa kigeni, na rais wa TFF wakati huo alikuwa Leodegar Tenga. Maximo aliwahi kufundisha Visiwa vya Cayman, na mwaka 2003 alikaa kwa muda mfupi Livingston ya Scotland. Hakuwa jina kubwa. Lakini alikuja na kitu tulichokuwa tumekisahau, nacho ni matumaini.

Alianza kwa kuifunga Burkina Faso 2-1 nyumbani. Machi 2007 Senegal wakatufunga 4-0 Dakar, watu wakanuna. Juni tukatoka nao sare ya 1-1 Mwanza, kisha tukaifunga Burkina Faso 1-0 kwao. Nchi nzima ikaanza kupiga hesabu za kwenda Ghana 2008. Uwanja mpya wa Taifa, ambao leo tunauita Benjamin Mkapa, ukafunguliwa mwaka huohuo. Kina dada tukanunua jezi, tukapaka rangi usoni, tukaenda uwanjani na wachumba zetu bila kuonekana wahuni. Halafu Septemba, kwenye uwanja huohuo mpya, Msumbiji wakatufunga 1-0. Ghana ikawa ndoto.

Yakaja mengine. Juni 2008 Cameroon walitoka sare ya 0-0 Dar es Salaam. Mwaka 2009 tukacheza fainali za CHAN kule Ivory Coast, Mrisho Ngassa akawafunga wenyeji. Mechi ya mwisho tulihitaji kuifunga Zambia, tukatangulia, wakasawazisha mwishoni, tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo Maximo alifaulu au alifeli? Hapo ndipo pagumu. Alitufikisha mahali ambapo hatukuwa tumezoea kufika, lakini karibu kila safari tuliishia mlangoni. Wanaosema angebaki wanahesabu hatua tulizopiga. Wanaosema alistahili kuondoka wanahesabu milango tuliyofungiwa.

Na juu ya yote kulikuwa na jina moja: Juma Kaseja.

Kaseja ndiye kipa aliyekuwa golini Simba walipoitoa Zamalek kwa penalti Cairo mwaka 2003. Kwa mashabiki wengi hakukuwa na kipa mwingine nchini. Lakini Maximo akamwacha nje ya Stars, miezi ikawa miaka. Vijiweni, redioni, kwenye daladala, swali likawa ni hilohilo: kwa nini? Kocha alisimamia nidhamu na msimamo wake, mashabiki wakasimamia Kaseja wao. Maelezo yaliyotolewa hayakuwatosha. Ikafika mahali kila goli tulilofungwa, hata lile ambalo malaika asingelidaka, lilihesabiwa ni kosa la kumwacha Kaseja.

Juni 2010 Brazil walikuja Dar wakijiandaa na Kombe la Dunia, wakatufunga 5-1. Mwaka huo Maximo akaondoka, akaja Mdenmark Jan Poulsen, na Kaseja akarudi golini.

"Sio kwa sababu ya matokeo"

Turudi bandani. Shemeji ni mtu wa Maximo damdam. Alisimama kabisa, kofia mkononi, akasema timu isiyo na nidhamu ni kijiwe, na mwalimu akianza kupangiwa kikosi na wazazi shule itafungwa. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Kutoka benchi letu la nyuma, shoga yangu akasema kwa sauti ile anayoitumia darasani: "Mimi nasema alistahili kuondoka. Na sio kwa sababu ya matokeo."

Watu wakageuka.

"Kumwacha mchezaji ni haki ya kocha. Lakini mtu anakaa nje miaka, nchi nzima inauliza kwa nini, na jibu halieleweki! Nidhamu sio kununiana."

Banda zima likacheka, kijana wa bodaboda akapiga makofi. Mimi nilimwangalia shemeji. Hakucheka. Nikajua hapa hatuzungumzii tena mpira.

Mezani

Tulikula makande kimya. Watoto walipolala, shoga yangu akalitoa. Msimu uliopita mumewe aliuza magunia ya mahindi, na sehemu kubwa ya pesa akampelekea mdogo wake kwa ajili ya ada ya chuo. Hakumwambia mkewe. Yeye alijua pale mke wa huyo shemeji mdogo alipompigia simu kumshukuru kwa moyo wake wa huruma!

"Nikapokea shukrani ya kitu nisichokijua," akaniambia. "Nikajibu 'karibu', nikakata simu, nikakaa kitandani."

Shemeji akasema pesa haikuliwa baa, ilikwenda shule. Angesema mapema, mkewe angekataa.

"Ningekataa? Hukunipa hata nafasi ya kukataa."

Hapo, msomaji wangu, ni rahisi kupuliza filimbi na kumtoa shemeji nje. Lakini subiri umsikie. Huyu ndiye aliyebaki na mtoto wa miezi minane wakati mkewe amerudi chuo kusomea shahada. Nyumba haina deni hata duka la jirani. Akasema amechoka kila uamuzi ujadiliwe kama wa bandani, kila mtu kocha. "Tukipatia, ni timu yetu," alisema. "Tukikosea, ni mimi."

Sentensi hiyo nimerudi nayo Dar. Wangapi tumewafanyia hivyo waume zetu, wake zetu, hata mabosi zetu? Mvua ikinyesha ni sifa ya familia, ukame ukija ni kosa la mmoja. Mimi mwenyewe naongoza dawati la watu kadhaa, na najua utamu wa kuamua bila kuulizwa. Unaenda haraka, hakuna kelele. Tatizo ni kwamba kelele haijaisha, imehamia jikoni, ofisi ya pili, au kwenye simu ya shoga.

Na shoga yangu je? Naye alikiri jambo. Tangu ile simu, miezi minne, alikuwa amemwita mumewe "Maximo" mbele ya mashoga zake wa shule. Wote wanacheka, wote wanajua maana yake, isipokuwa mwenyewe. Yeye analalamikia kuachwa benchi bila maelezo, kumbe naye anaendesha kampeni ya kumtoa kocha bila kocha kujua ana kesi!

Kabla hujasema "aondoke"

Nimekaa nao, nimekumbuka makocha wetu, na haya ndiyo niliyoyaokota. Chukua linalokufaa.

1. Jiulize unalalamikia matokeo au namna. Emmanuel Amunike alitupeleka AFCON ya 2019, yetu ya kwanza tangu 1980. Kule Misri tukafungwa mechi zote tatu na Julai akaondolewa. Hiyo ilikuwa kesi ya matokeo. Ya Maximo ilikuwa zaidi ya namna. Nyumbani pia ni hivyo: pesa imepotea, au pesa iko salama ila hukushirikishwa? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili.

2. Toa sababu, hata kama haitapendwa. Mtu anaweza kuishi na "hapana" yenye maelezo. Ukimya ndio anaoujaza kwa mawazo yake mwenyewe, na mawazo ya saa nane usiku hayajawahi kuwa mazuri.

3. Usipeleke kesi kijiweni kabla ya kumfikishia mhusika. Mashoga na washikaji ni mashabiki. Watakushangilia, halafu watarudi kwao. Nyumba inabaki na nyinyi wawili.

4. Kumbuka aliyekuja baada. Maximo alirudi nchini mwaka 2014 kuifundisha Yanga. Desemba hiyohiyo, baada ya kufungwa 2-0 na Simba kwenye Nani Mtani Jembe, kazi ikaisha. Makocha wamekuja na kuondoka, na maneno tunayowasema yanafanana ajabu. Ukiona umebadilisha watu watatu na ugomvi ni uleule, kagua na shabiki.

5. Lakini usibaki kwa kuogopa tu. Anayekupiga, anayekudhalilisha, huyo hahitaji muda wa kujenga timu. Uvumilivu ni kwa mtu anayejaribu.

Kipa wa akiba

Kabla ya kwenda kulala niliwakumbusha kisa cha 2019. Amunike alipoondoka, Etienne Ndayiragije akashika Stars na kumwita Kaseja, kipa wa zaidi ya miaka thelathini ambaye wengi walishamsahau. Agosti, Nairobi, mechi ya kufuzu CHAN dhidi ya Kenya ikaenda kwenye penalti, Kaseja akadaka, tukapita. Septemba tukaenda tena kwenye penalti, safari hii na Burundi kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Tukapita tena, naye golini.

Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke bandani. Akasema labda Maximo angemwita Kaseja, wakakaa chini ya mti, wakayamaliza.

"Labda," mkewe akasema. "Mti tunao hapo nje."

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari lake la shamba, lile la kurasa zilizokunjika pembe, akaliweka mezani katikati ya sahani. Magunia, bei, tarehe, nani kapewa nini. Kulikuwa na mistari miwili ambayo shoga yangu hakuwa anaijua. Mmoja ulikuwa pesa ya dawa za mama yake mzazi, iliyotumwa bila kutangazwa. Mwingine haukumpendeza hata kidogo, akauliza swali, likajibiwa, akauliza la pili. Mimi nikaaga nikaenda kulala. Sauti zao nilizisikia mpaka usingizi ukanipitia. Zilikuwa zinapanda na kushuka, lakini hakuna aliyenyamaza.

Asubuhi nilipanda gari kurudi Karatu. Sijafika hata kwenye lami, simu ikalia. Ujumbe wa shoga yangu ulikuwa mfupi:

"Kocha anabaki. Ila kikosi tunapanga wawili."