Nishati Haizunguki, Hupita
Wanafunzi wangu wengi huandika ‘mzunguko wa nishati’. La hasha! Maji huzunguka, nitrojeni huzunguka. Nishati hupita tu. Jua hulisha matete, panzi hula matete, chura humla panzi, korongo humla chura, na katika kila hatua ya ulaji takriban asilimia 10 pekee ndiyo huvuka. Nyingine hupotea kama joto, ndiyo maana korongo ni wachache kuliko panzi.

Sasa tazama mabonde ya Kisii na Nyamira yanayolisha mto Gucha. Mahali pengi tuling’oa matete, tukapanda mikaratusi. Jua ni lile lile, lakini wadudu wengi huyakataa majani hayo, na nishati huondoka kwa lori ikiwa nguzo za stima na kuni. Chura ale nini, jamani? Ingawa, nikiri, karo yangu ya sekondari ililipwa na mikaratusi ya babangu, kandokando ya kijito.