Jalada linang'aa, ndani makapi: Riwaya za mapenzi zinavyowaangusha vijana

Mnunuzi wa belo la mitumba hajui kilichomo mpaka kamba zikatwe. Ndiyo maana wachuuzi wazoefu wa Gikomba jijini Nairobi, Owino jijini Kampala na Memorial mjini Moshi hawaamini macho peke yake. Huuliza gredi, huuliza mzigo umetoka nchi gani, na humrudia muuzaji aliyewahi kuwapa mali safi. Aliyeuziwa makapi mara moja, mara ya pili hadanganyiki.

Msomaji wa riwaya za mapenzi za vijana hana kinga hiyo. Vitabu vilivyotandazwa kandokando ya barabara havina gredi. Kilicho na hadithi safi na kilicho na upuuzi vina bei ileile na jalada la aina ileile: vijana wawili wamekumbatiana na jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Msichana wa miaka 16 hujinyima nauli ya siku mbili ili akipate. Akifika ukurasa wa mwisho hujiuliza kama yaliyoahidiwa ndiyo hayo tu.

Malalamiko dhidi ya vitabu hivi si ya wazazi na walimu pekee. Katika nchi za Marekani na Uingereza, ambako vingi huandikwa, wanaolalamika sana ni wasomaji wenyewe: waliovipenda wakiwa na miaka 14, wakavirudia wakiwa watu wazima, wakashtuka. Orodha yao ya kasoro inafanana. Wawili hukutana Jumatatu na kufikia Ijumaa wako tayari kufa kwa ajili ya penzi. Msichana hana marafiki wa maana, hana kazi, hana anachokitaka maishani ila mvulana. Wavulana wawili humgombania hadi kitabu cha tatu. Kasoro inayowaumiza zaidi ni kwamba wivu na amri huuzwa kwa jina la mapenzi.

Kupendwa au kulindwa kama mzigo

Mfano unaojulikana zaidi ni Twilight, riwaya ya Mmarekani Stephenie Meyer iliyotoka mwaka 2005 na kufuatiwa na nyingine tatu hadi 2008. Mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 100 duniani. Bella, msichana wa miaka 17, anampenda Edward, mnyonya damu mwenye sura ya kijana wa rika lake ingawa alizaliwa mwaka 1901. Edward huingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama akiwa amelala, naye Bella hana habari. Katika kitabu cha tatu anaharibu gari la Bella makusudi ili asiende kumwona rafiki yake. Katika cha pili, Edward anapoondoka, Bella anapoteza miezi kadhaa ya maisha yake kana kwamba yuko matangani.

Tukio la namna hiyo likitokea mtaani, majirani wangemwita balozi wa nyumba kumi au chifu. Ndani ya kitabu, linasimuliwa kama ushahidi wa penzi kubwa.

Vitabu vilivyofuata viliiga njia hiyo. After, ya Mmarekani Anna Todd, ilianza kutolewa mwaka 2013 sura kwa sura katika programu ya Wattpad, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2014 na kutengenezewa filamu mwaka 2019. Humo, kijana anamtongoza mwanafunzi mgeni wa chuo kwa sababu amewekeana dau na wenzake kwamba atamwondolea ubikira. Msichana anagundua, analia, kisha safari ya kuachana na kurudiana inaendelea kwa vitabu kadhaa. The Kissing Booth, iliyoandikwa na Beth Reekles wa Uingereza akiwa bado kijana wa shule, ikawa filamu mwaka 2018. Mvulana anayependwa ndiye huyohuyo anayewatisha wavulana wengine wasimkaribie msichana, bila yeye mwenyewe kuulizwa.

Haki itendeke pia. Vitabu hivi vimewafanya mamilioni ya vijana wasome kurasa 400 bila kushurutishwa na mtihani, kazi ambayo shule nyingi zimeshindwa. Vinamgusa msichana anayejiona hana thamani, vikamwambia yupo atakayemwona. Kiu hiyo ni ya kweli wala si ya kuchekwa. Kosa liko kwa aliyeona kiu akauza maji ya chumvi.

Gharama isiyoandikwa

Mtu wa biashara anajua kwamba bei ya kununulia si gharama yote. Kuna usafiri, ushuru, stoo, hasara ya njiani na siku zilizopotea kwenye foleni. Riwaya nyingi za mapenzi za vijana zinaonyesha bei ya kununulia peke yake: kutazamana, kushikana mikono, busu la mvuani. Gharama nyingine zote zimefichwa.

Karibu hakuna msichana wa riwaya hizo anayefukuzwa shule. Katika maisha ya ukanda huu, jambo hilo si la kubuni. Hapa Afrika Mashariki, Tanzania Bara ilianza kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali kupitia mfumo rasmi mwezi Novemba 2021 tu. Kabla ya hapo, kwa msichana aliyepata mimba mlango wa shule ya serikali ulikuwa umefungwa. Mvulana aliyemwahidi penzi la milele mara nyingi aliendelea na masomo yake.

Hakuna ada pia, wala mahari, wala mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, wala mdogo wa kubeba mgongoni. Hata wahusika wanapokuwa maskini, umaskini wao ni pambo: nguo zimechakaa, lakini simu ina chaji na muda wa kupendana haupungui.

Kwamba gharama inaweza kuandikwa bila kuua utamu, mfano upo katika soko lilelile la Marekani. Mwaka 2016 Nicola Yoon, mzaliwa wa Jamaika, alitoa The Sun Is Also a Star. Natasha na familia yake wanaishi New York bila vibali, na siku hadithi inapotokea ndiyo siku wanayotakiwa kuondolewa nchini. Anakutana na Daniel, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, huku akizunguka ofisi kutafuta wa kumwokoa. Mapenzi yao ni ya haraka pia, ya siku moja. Tofauti ni kwamba kila dakika ya siku hiyo ina bei. Aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la uhamiaji akiwa na karatasi pungufu hahitaji kuelezwa.

Itaendelea, lipia kwanza

Kwa mzazi anayeshinda Busia, Namanga au Rusumo siku tatu au nne kwa wiki, kitabu cha barabarani si njia pekee ya hadithi hizi kuingia nyumbani. Njia kubwa sasa ni simu.

Wattpad, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2006, ilinunuliwa na kampuni ya Naver ya Korea Kusini mwaka 2021 kwa takriban dola za Marekani milioni 600. Bei hiyo inaonyesha thamani ya macho ya vijana wanaosoma mapenzi usiku. Kwa Kiswahili, kazi kama hiyo hufanywa na simulizi za Facebook na makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo hutolewa bure. Hadithi ikifika mahali pa moto, hukatwa kwa neno "itaendelea", na anayetaka kuendelea hutuma pesa kwa simu.

Biashara hiyo haina ubaya wa kuzaliwa nao. Magazeti yaliuza hadithi kwa mtindo huo miaka mingi, na kati ya waandishi wa simu wamo wenye kipaji ambao hakuna mchapishaji aliyewafungulia mlango. Tatizo ni namna malipo yanavyoiongoza hadithi. Anayelipwa kwa sehemu hapati faida wawili wakielewana. Anapata faida wakigombana, wakisalitiana, wakipigana na kurudiana. Hakuna mhariri wa kuuliza kama kipigo cha sehemu ya 12 kimesahauliwa katika sehemu ya 13. Msomaji wa miaka 15 anayepokea sehemu moja kila siku kwa miezi mitatu amefundishwa somo refu kuliko lolote la darasani, na hakuna mtu mzima nyumbani aliyelisikia.

Kiswahili kiliwahi kusema ukweli

Ukanda huu haukuwa na upungufu wa hadithi za mapenzi zenye uzito. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Ukerewe ambaye baba yake mlevi anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Hakuna anayemfundisha chochote kingine kuhusu mapenzi. Anapotoka chini ya mkono wa baba anaanguka, na kitabu kinafuatilia anguko hilo bila kupepesa. Kwa muda riwaya hiyo ilizuiwa mashuleni nchini Tanzania, kisha ikaja kusomwa na wanafunzi kama kitabu cha fasihi.

Mwaka 1999 Adam Shafi alitoa Vuta N'kuvute, ambayo iligeuzwa filamu mwaka 2021. Yasmin anaozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanamume anayeweza kuwa babu yake, anapelekwa Mombasa, anatoroka na kurudi Unguja, ambako ndugu zake wanamkataa. Anampenda Denge, anayewindwa na askari wa mkoloni. Hapo mapenzi yana utamu wote wa taarabu na usiku wa Unguja, na yana gharama katika kila ukurasa. Mkenya David Maillu naye, katika riwaya ya Kiingereza For Mbatha and Rabeka ya mwaka 1980, aliandika juu ya mwalimu wa kijijini ambaye mchumba wake anavutwa na fahari ya Nairobi. Ni jambo ambalo kila mji wa mpakani unalijua.

Vitabu kama hivyo havikufuatwa na vingi vya kutosha, na sababu yake ni ya kibiashara. Wachapishaji wa ukanda huu huishi kwa vitabu vya kiada. Kitabu kilichopata ithibati ya taasisi ya mitaala kina soko la uhakika. Riwaya ya kujisomea kwa kijana wa miaka 17 haina. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hata kwenye vitabu. Kwa hiyo kijana hupewa riwaya ya Kiswahili kama mtihani, na burudani anaitafuta kwenye mali ya nje na kwenye simu. Halafu watu wazima wanashangaa kwa nini anaona Kiswahili ni lugha ya kujibia maswali.

Nafasi ndani ya gunia

Hapa wafanyabiashara wa mipakani wanaweza kufanya jambo ambalo mikutano ya fasihi haijalifanya. Riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam inaweza kupendwa Kampala, Bujumbura na Goma, lakini mara nyingi haifiki kwa sababu hakuna anayeibeba. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na yenye uthibitisho wa asili haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kutoka nchi mwanachama moja hadi nyingine. Kodi za ndani za kila nchi ni suala jingine, na ni busara kuuliza kwenye dawati la forodha kabla ya kufunga mzigo. Vitabu 20 havichukui nafasi kubwa kati ya viatu na vitenge, havivunjiki wala havinyauki.

Anayeuza, anayenunulia watoto na anayelipia bando la simu anaweza pia kukagua gredi mwenyewe. Si lazima asome kurasa zote. Maswali matatu yanatosha kuulizwa kijana aliyemaliza hadithi. Msichana aliposema hapana, mvulana alifanya nini? Nani alilipa gharama ya penzi lao, na je, ililipwa na wote wawili? Ukimwondoa mpenzi wake, msichana huyo anabaki na nini?

Kijana akijibu kwamba mvulana aliendelea kumfuata hadi akakubali, mzazi asikichome kitabu wala kunyang'anya simu. Zakaria, baba yake Rosa Mistika, alitumia fimbo, na fimbo haikumlinda binti yake. Dawa ni kukaa naye na kumuuliza swali la nne: mwanamume wa namna hiyo akija kubisha hodi hapa nyumbani, wewe ungemfungulia?