“Ndivyo Ilivyoandikwa”: Kineno cha Kilatini Katika Karatasi za Nyumbani

Anayenakili barua za mashamba hapa Rujewa, wilayani Mbarali, hakawii kukutana na neno “hekari”. Je, mwandishi alikusudia ekari au hekta? Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Hivyo “hekari nne” za mpunga zaweza kuwa ekari nne, au zikakaribia kumi. Iwapo karatasi hiyo ni wosia wa marehemu baba, tofauti hiyo yatosha kuwafikisha ndugu wa tumbo moja barazani.

Mnakili mwenye haraka hujitia kusahihisha. Akiandika ekari, huenda amewapunja warithi. Akiandika hekta, huenda amewaongezea. Kwa vyovyote amemsemesha marehemu jambo ambalo hakulisema.

Hapo ndipo ifaapo alama ambayo wasomaji wa vitabu huiona mara nyingi bila kuuliza maana yake: [sic]. Si kifupisho. Ni neno kamili la Kilatini, maana yake “hivyo” au “ndivyo”. Hutiwa mara baada ya neno lenye mashaka, kumjulisha msomaji kwamba ndivyo lilivyokutwa katika maandishi ya asili, wala si kosa la mnakili au mpiga chapa. Mabano yake huwa ya mraba, kwa kuwa yale ya kawaida yaweza kudhaniwa kuwa ya mwenye wosia mwenyewe. Basi mnakili ataandika: “Shamba langu la hekari [sic] nne.” Ugomvi wa mpaka haujaisha, lakini ushahidi umebaki salama.

Wapo, kwa bahati mbaya, wanaoifanya alama hiyo fimbo ya kuwachapia wenzao. Jina la mto Ruaha latokana na neno la Kihehe “Ruvaha”, yaani mto. Kumbandikia [sic] mzee wa Iringa aliyelitamka kwa asili yake ni utovu wa adabu. Ramani ndiyo iliyolibadili. Tahajia za kale nazo zisisumbuliwe. Wajerumani waliandika jina la Mtwa Mkwawa “Quawa”, ilhali Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246 kilichodai fuvu lake lirejeshwe, ulitumia “Mkwawa”. Anayewanukuu Wajerumani hao aeleze mara moja, inatosha.

Asiyependa Kilatini aandike [kama ilivyoandikwa]. Katika karatasi za nyumbani naona hiyo ni bora zaidi, maana mrithi asiyepata kuiona [sic] aweza kudhani ni jina la shamba.