Umeandikiwa CT Scan ya Kifua? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa kitengo cha huduma kwa wateja alipigiwa simu kutoka nyumbani akiwa kazini. Baba yake, mzee anayeishi karibu na Kitale, alikuwa amekohoa kwa miezi mitatu. Makohozi yalikuwa yamepimwa na TB haikuonekana. Eksirei ikaonyesha kivuli upande wa kulia, na daktari akaandika CT scan ya kifua. Familia ikachanga, mwenzetu akatuma, mzee akapanda matatu alfajiri hadi Eldoret akisindikizwa na mjukuu wake.

Kwenye kaunta, dada wa mapokezi akasoma fomu, kisha akauliza: "Mzee, hapa imeandikwa na kontrasti. Majibu ya figo yako wapi?"

Hakuna aliyejua habari ya figo. Tena bei waliyokuwa wameulizia kwa simu ilikuwa ya picha ya kawaida, na ya kontrasti ilikuwa juu zaidi. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Wakarudi Kitale na fomu yao mkononi, nauli imekwenda, na picha haijapigwa.

Sisi si madaktari, kazi yetu ni malipo. Lakini kila siku tunaona wateja wakituma pesa nyingi ya hospitali kwa haraka, wakiwa na hofu, bila kujua hasa wanalipia nini. Kwa hivyo tumeweka hapa yale ambayo familia ile ingependa kuyajua siku ya Alhamisi.

Fomu ndiyo inayosema bei

CT scan ya kifua si kitu kimoja. Kuna ile ya kawaida, isiyo na dawa yoyote. Kuna ya kontrasti, yaani dawa yenye iodini inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono ili mishipa ya damu na uvimbe vionekane vizuri. Kuna ya mishipa ya mapafu, ambayo daktari huitaka akishuku damu imeganda humo. Hiyo lazima iwe na kontrasti, na hupigwa kwa kuvizia wakati dawa inapofika kwenye mapafu. Kuna ya vipande vyembamba sana vya kuangalia makovu ya mapafu, ambayo kwa kawaida haihitaji kontrasti. Na kuna ya mionzi kidogo, inayotumika zaidi kwa watu waliovuta sigara miaka mingi.

Sasa ukipiga simu na kuuliza tu "CT ya kifua ni pesa ngapi?", utapewa bei ya ile rahisi, na hakuna aliyekudanganya. Soma fomu neno kwa neno kwenye simu. Kama mwandiko wa daktari haueleweki (na mara nyingi haueleweki), mrudie muuguzi akusomee kabla hujaondoka kliniki. Kisha uliza: bei hiyo ina dawa ya kontrasti ndani? Ina ripoti ya daktari anayesoma picha? CD ya picha je? Vituo vingine hutoza kila kitu peke yake, na mtu aliyekuja na pesa kamili anajikuta akiomba mkopo wa simu akiwa kwenye foleni.

Kama umesajiliwa na SHA, uliza pia mapema kama kituo hicho kinapokea SHA kwa kipimo hiki na kama idhini inahitajika kwanza. Ombi la idhini huanzia hospitalini, si kwako. Hali ya usajili wako unaweza kuiangalia kwa *147#. Ukishalipa yote kutoka mfukoni, kurudishiwa baadaye ni safari ndefu.

Habari ya figo

Kontrasti hutolewa mwilini na figo. Ndiyo maana vituo vingi hutaka kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, hasa kwa wazee na kwa wenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo. Ni kipimo kidogo na bei yake haikaribii ya CT. Mzee wetu angeweza kupimwa hapo hapo Kitale siku moja kabla, akasafiri na majibu kwenye bahasha.

Wanaotumia metformin ya kisukari waseme hivyo mapema. Wenye figo nzuri kwa kawaida huendelea na dawa yao. Wenye figo dhaifu huambiwa waisimamishe kwa siku mbili baada ya kontrasti. Usiamue mwenyewe kuiacha kwa sababu jirani aliambiwa aiache.

Sema pia kama umewahi kupata vipele, kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya kudungwa kontrasti, au kama una pumu. Hapa Pwani tumesikia watu wakikataa kipimo kwa sababu kamba na kaa huwadhuru. Mzio wa vyakula vya baharini hautokani na iodini, na peke yake hauzuii kontrasti. Mwambie mhudumu, lakini usirudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Na mwanamke aliye na mimba, au anayeshuku tu, aseme kabla ya kuingia. Anayenyonyesha anaweza kwa kawaida kuendelea kunyonyesha hata baada ya kontrasti.

Ndani ya kile chumba

Watu wengi huogopa kwa sababu wamesikia hadithi za MRI, ile yenye handaki refu na kelele za kugonga. CT ni tofauti. Mashine yake ni kama pete kubwa, na kitanda kinapita katikati yake. Kichwa chako hakifungiwi popote. Ndani ya pete kuna mtambo wa eksirei unaozunguka, na kompyuta inajenga picha za kifua chako vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Ndiyo sababu inaona kilichojificha nyuma ya moyo au mbavu, mahali eksirei ya kawaida haifiki.

Kuchukua picha zenyewe ni sekunde chache. Kinachokula muda ni kujaza fomu, kuvua na kuwekewa sindano. Utaambiwa uvute pumzi na uishike, usitikisike. Kama unakohoa sana, fanya mazoezi nyumbani, na umwambie mtaalamu wa mashine mapema ili akusubiri utulie, maana picha iliyotikisika huenda ikarudiwa.

Kontrasti ikiingia utahisi joto likikimbia mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na wengi huhisi kana kwamba wamejikojolea. Hujajikojolea. Inapita kwa dakika moja hivi. Lakini ukianza kuwashwa, koo kubana au pumzi kukataa, sema papo hapo, usione haya. Baada ya hapo kaa kituoni kwa muda watakaokuambia, kisha kunywa maji ya kutosha kama daktari hajakuwekea mpaka wa maji.

Vua cheni, sidiria yenye waya na chochote cha chuma kifuani. Simu mwachie uliyekuja naye. PIN usimwachie, lipa kabla hujaingia.

Mionzi je? CT ya kifua ya kawaida hubeba milisiverti 6 hivi, wakati eksirei ya kifua ni 0.1. Yaani CT moja ni kama eksirei 60, au karibu na kile mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka miwili hivi. Mionzi hiyo haibaki mwilini. Kwa mtu mwenye dalili na fomu ya daktari, faida kwa kawaida huzidi hatari. Kwa mtu anayetaka tu "kujicheki" kwa sababu kuna ofa, hesabu si hiyo hiyo. Na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili hakianzii kwa CT. Kinaanza kwa kupimwa makohozi, na kupimwa na kutibiwa TB katika hospitali za umma ni bure. Tunasema hivi tukijua kwamba kazi yetu ni kukusaidia kulipa.

Pesa inapopotelea

Hapa ndipo tuko nyumbani, kwa hivyo tuvumilie kidogo.

Ulaghai wa kwanza huja kwa simu. Mgonjwa amelazwa, na jamaa anapigiwa na mtu anayejiita daktari, mpole, anayejua jina la mgonjwa na pengine hata wodi. Anasema hali imebadilika, CT scan inahitajika sasa hivi, mashine ya hospitali imeharibika, "tuma kwa nambari hii tumpeleke nje." Nambari ni ya mtu binafsi. Jamaa akiwa na hofu anatuma. Daktari wa kweli hakusanyi pesa za kipimo kwa nambari yake. Kata simu, piga ile ya hospitali au ya ndugu aliye kando ya kitanda. Mgonjwa aliye hatarini kweli hatapoteza kitu kwa dakika mbili hizo.

Wa pili ni wa michango. Familia inapiga picha fomu ya CT, inaiweka kwenye WhatsApp pamoja na nambari ya kuchangia. Tapeli anaichukua picha ile ile, anabadilisha nambari tu, anaisambaza kwenye makundi mengine. Machozi ni ya kweli, fomu ni ya kweli, pesa inaenda kwingine. Ukiweka fomu, ficha nambari ya kitambulisho, ya simu na ya faili la hospitali. Nawe unayechangia, mpigie mtu unayemjua katika ile familia kwanza.

Wakati wa kulipa, tumia Paybill au Till iliyobandikwa kwenye kaunta ya kituo, usitumie ile uliyotumiwa na "msaidizi" nje ya geti. Jina litakalotokea kabla hujaweka PIN lisome lote. Likiwa la mtu badala ya kituo, simama hapo. Kwenye sehemu ya akaunti weka nambari ya mgonjwa kama ilivyo kwenye ankara. Kosa la tarakimu moja laweza kukufanya ushinde kaunta ukitafuta malipo ambayo tayari yamefika. SMS ya uthibitisho usiifute, na risiti ya kituo uichukue hata kama unayo SMS.

Ni bora mweka hazina wa mchango alipe kituo moja kwa moja akiwa popote alipo, kuliko kumtumia mgonjwa pesa yote abebe safarini. Familia ya mwenzetu ilifanya hivyo mara ya pili. Na ukikosea nambari, omba kurudishiwa mara moja kupitia njia rasmi za huduma yako ya pesa, kabla aliyepokea hajatoa. Anayekupigia akitaka PIN ili "akusaidie kurudisha" ni mwizi, hata akijitambulisha kwa jina letu.

Majibu

Anayeendesha mashine hatakuambia ameona nini, na si kiburi. Picha husomwa na daktari wa radiolojia, anayeandika ripoti. Inaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa. Uliza itatoka lini na nani ataichukua, ili usisafiri bure.

Ripoti ikifika, usiitafsiri kwa Google usiku wa manane. Neno "kinundu" huwatisha watu, lakini vinundu vidogo kwenye mapafu ni vya kawaida na vingi si saratani. Vingine ni makovu ya TB ya zamani au maambukizi yaliyopona. Kilicho chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa, mara nyingi hakihitaji hata kufuatiliwa. Kikubwa zaidi kinaweza kupigwa picha tena baada ya miezi kadhaa, na hapo daktari atataka kulinganisha na picha za kwanza. Asipozipata, ile uliyolipia kwa mchango haimsaidii kitu. CD itunze, karatasi ya ripoti itunze, na upige picha ya ripoti ukae nayo kwenye simu.

Mzee wa Kitale alirudi Eldoret Jumatano iliyofuata akiwa na kreatinini yake. Mtoto wake alilipa Paybill ya kituo akiwa Nairobi, jina likasomeka sawa, na mzee akatoka kwenye mashine akilalamika tu kwamba sindano ilikuwa kubwa. Ripoti ilisema kovu la zamani na kinundu cha milimita 7, arudi baada ya miezi sita. CD iko kabatini kwake, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni pamoja na hatimiliki ya shamba.